Mwaka Tuliotafuta Neno

Mwanaidi alinipigia simu nikiwa nimesimama jikoni kwangu Bungoma, nikingoja chai ichemke. "Nafula, Salim ametutoka," alisema, kisha akaniambia mumewe angezikwa alasiri hiyo hiyo. Nilisema pole. Nikazima jiko, nikamwaga chai ambayo haikuwa imeiva, nikafunga mlango. Nilipofika Kitale wanaume walikuwa wakirudi kutoka makaburini kwa makundi madogo madogo, viatu vyao vimeshika udongo mwekundu, nami nikapitia mlango wa nyuma nikaketi mkekani pamoja na wanawake. Nilijichunguza kama mtu aliyejikata kwa kisu na kungoja kidole kianze kuuma. Hakikuuma. Niliona mapazia ya kijani, niliona sinia za pilau zikipitishwa juu ya vichwa, nikamsikia mwanamke mmoja akimnong'onezea mwenzake kwamba mchele umeiva kupita kiasi. Nilikula. Jirani yangu mkekani aliniuliza mimi ni nani wa marehemu, nikamwambia tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja, zamani. Aliitikia kwa adabu, kama mtu aliyepewa habari ndogo, akageukia upande wa pili.

Mwaka wenyewe ulianza muda mfupi baada ya kumzika dada yangu Nanjala. Sitasema mengi juu ya kwetu. Inatosha kusema kwamba Nanjala alikuwa na TB, alianza dawa, akapata nafuu, akaacha dawa, na hakuna aliyekuja kumuuliza kwa nini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Nilichukua kazi ya kwanza iliyojitokeza: kuchapa rekodi za wagonjwa katika shirika dogo pale Kitale ambalo lilifuatilia watu wa TB majumbani, kuanzia Kipsongo hadi Kachibora, na ng'ambo ya pili hadi Tongaren na vijiji vya Bungoma. Watu walishangaa kwamba nilichagua kazi hiyo, baada ya yaliyotupata. Sikuichagua. Nilikuwa katika hali ambayo mtu akiambiwa kaa hapa, anakaa.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga, na chumba cha kompyuta kilikuwa jikoni. Dari bado lilikuwa na masizi ya mwenye nyumba wa zamani, sinki lilikuwa kavu na limejaa nyaya, na kompyuta zetu zilikaa juu ya saruji pale ambapo zamani palikuwa na jiko. Mvua ikinyesha, chumba kilitoa harufu ya mafuta ya taa. Dirishani niliwaona wanawake wa Kipsongo wakipita na magunia ya vyuma chakavu na chupa za plastiki, wakizungumza kwa sauti juu ya vitu ambavyo sikujaribu kuvielewa. Saa ya chakula nilivuka barabara hadi kibanda cha Mama Njeri, nikala chapati na madondo, yale maharagwe ya mchuzi, nikiwasikiliza wanunuzi wa mahindi wakibishana kama nafaka ya Cherangany imekauka au la. "Hiyo mahindi bado iko na maji, bana," mmoja wao alisema karibu kila siku, na kila siku wenzake walimpinga upya. Nilipenda ubishi ule kwa sababu haukuhitaji chochote kutoka kwangu. Nikirudi nilichapa majina. Jina, kijiji, tarehe ya kuanza dawa, tarehe ya kuonekana mara ya mwisho. Ningeweza kuchapa hivyo hadi uzee.

Kisha asubuhi moja kompyuta zikakataa. Mradi wa mfadhili aliyetununulia programu ile ulikuwa umekwisha, na leseni ikaisha pamoja nao. Kila tulipojaribu kufungua rekodi, skrini ilituletea ujumbe ule ule wa Kiingereza kwamba tulipie upya. Mkurugenzi wetu, Madam Chebet, mama mmoja mrefu wa milimani huko Cherangany ambaye hakupenda kupandisha sauti, alimpigia kijana aliyekuwa wakala wa programu ile huko Nairobi, akaweka simu mezani ili sote tusikie. Sauti ya yule kijana ilikuwa ya upole kabisa. "Data ni yenu, Madam, hilo hatubishi. Lakini programu ni yetu." Madam alimuuliza tutaionaje data yetu bila programu yake. "Hiyo sasa ndiyo tunazungumzia," kijana alijibu. Madam alikata simu, akakaa akiitazama. Kadi za karatasi tulikuwa nazo, zimefungwa kwa kamba na kurundikwa stoo, lakini hakuna mtu ambaye angeweza kuzipekua haraka na kusema leo nani ametoweka. Wahudumu wa vijijini walianza kupiga simu wakiuliza waende kwa nani. Niliwajibu kwamba mashine imefungwa. Nililisema hilo kwa sauti tulivu, na siku moja nikasikia karani mwenzangu akimwambia mlinzi koridoni, "Huyo msichana wa Bungoma hana moyo." Nilikubaliana naye kimyakimya.

Salim aliletwa na Madam. Alifundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi mjini, aliishi nyuma ya msikiti, kwenye nyumba za Waswahili, alivaa sweta hata kukiwa na jua. Mimi nilimwita Mwalimu. Alisoma ule ujumbe wa skrini mara moja, akavuta kiti. "Mlikuwa mmepanga," alisema. "Mliona vyombo ni vyenu mkadhani nyumba ni yenu. Sasa mwenye nyumba amefunga, na vyombo viko ndani." Akatueleza kwamba kuna programu nyingine, zinaitwa programu huria. Zinaandikwa na watu walio sehemu nyingi za dunia, na yeyote anaweza kuzichukua, kuzifungua aone zimeundwaje, kuzibadilisha zimfae, na kumpa jirani yake. Kulikuwa na moja iliyotengenezwa kwa ajili ya zahanati na mashirika kama letu. Alikuwa ameiona ikitumika mahali pengine, na watu walioitumia walikuwa wengi, jambo ambalo, alisema, lilikuwa muhimu kuliko uzuri wake.

"Kwa hiyo ni ya bure," Madam alisema.

"Haina leseni ya kulipia, Madam. Lakini kazi iko. Lazima tuipange, tuwafundishe watu, tuitunze. Nisikudanganye ati tunaweka tu na kwenda nyumbani."

"Na kitu ya kila mtu, ikiharibika mimi namuita nani?"

"Unaniita mimi."

"Na wewe ukienda?"

Salim alitazama chumbani kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kikombe. "Utamuita huyu dada," alisema, akanielekezea kidole.

Sikusema ndiyo wala la. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo nimeifanya maisha yangu yote. Leo nikiwa Bungoma, nywele za pembeni zikianza kuwa nyeupe, mashirika madogo hunipigia simu kuniuliza waanzie wapi, nami huwaambia karibu maneno yale yale: msianze na kila kitu, anzeni na tatizo moja, tafuteni programu yenye watu wengi nyuma yake, na kabla hamjaiweka mjue ni nani kati yenu atakayeijua hadi ndani. Nikijisikia nikisema hivyo huwa nasikia na ile sauti yake ya kikohozi kidogo kabla ya kila sentensi. Huwa hainihuzunishi. Iko tu, kama sauti ya friji.

Alikuja kila alasiri baada ya vipindi vyake. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi kutoka kwao na mahamri yaliyofungwa kwenye karatasi, akagawa bila kuuliza nani ana njaa. Alinifundisha kwa namna ya ajabu: hakugusa kibodi yangu kamwe. Nikikosea, alingoja. Nikiuliza, alisema, "Wewe unaonaje?" na nilichukia swali hilo, kwa sababu mwaka ule sikuwa naona kitu chochote kwa namna yoyote. Wala hakuwa mtu asiyekosea. Tulikuwa tumechapa upya kadi nyingi za Kipsongo pale umeme ulipopotea, na uliporudi, kazi ya wiki nzima haikuwepo. Hakuwa ameweka nakala ya akiba popote. Alishika kichwa, halafu akaenda kutoka meza hadi meza akiomba msamaha kwa kila mmoja wetu kwa jina. "Hii ni yangu," alisema alipofika kwangu. Niliona macho yake yamekuwa mekundu, nikafikiri, mtu huyu analia kwa ajili ya kadi. Nikachukua rundo la kwanza, nikaanza tena. Kuanzia hapo kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali alinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, na Madam akaenda nayo nyumbani kwake ndani ya mkoba.

Katika rundo la upande wa Bungoma nilikuta kadi ya Nanjala. Nilijua ipo. Nilichapa jina lake, kijiji chetu, tarehe zake, bila vidole kusita. Chini kabisa programu ilitaka nichague hali ya mgonjwa, na moja ya hali hizo, kwa Kiingereza, ilikuwa lile neno ambalo wauguzi wote walilitamka "difolta". Mtu aliyevunja mkataba, yaani aliyeacha dawa. Hata kwenye kadi muuguzi alikuwa ameliandika kwa kalamu nyekundu. Mikono ilikaa juu ya kibodi, haikwenda.

"Imekwama?" Salim aliuliza.

"Hapana."

"Basi nini?"

"Hili neno."

Aliinama akasoma. "Hiyo ni lugha yao ya hospitali tu."

"Ni dada yangu," nilisema.

Hakusema pole. Nilimshukuru kwa hilo wakati ule, na namshukuru bado. Alivuta kiti karibu, kisha akauliza, "Wewe ungetaka iandikwe aje?" Nilidhani anauliza tu kunifariji. Lakini alivuta kibodi, mara ya kwanza na ya mwisho, akafungua faili moja ndani ya ile programu. Upande wa kushoto yalipangwa maneno yote yaliyoonekana kwenye skrini, ya kila kitufe na kila onyo, kwa Kiingereza. Upande wa kulia palikuwa patupu. "Kiswahili hakuna aliyekiweka bado," alisema. "Wangekuwa wale wa Nairobi, tungewaandikia barua tuwasihi. Hapa tunaandika wenyewe."

Tulianza kutafsiri siku ile ile. Kwa wiki kadhaa jikoni mle kulikuwa na mjadala wa maneno tu, na karani aliyesema sina moyo akageuka kuwa mtu wa kubishana nami kila siku: aling'ang'ania kwamba hakuna mtu Kitale anayesema "tarakilishi". Maneno mengine yalikuja upesi. Lile moja halikuja. Madam alisema jambo hilo si la sisi tuliokaa ofisini, akawaita wahudumu wa vijijini wote, akawakalisha sebuleni na chai na mkate. "Wizara wanasema 'mtoro'," alianza.

Mama Beatrice, mhudumu wa Tongaren, aliweka kikombe chini. Alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha kichwa cha bluu, na alisema l pale wengine waliposema r. "Mtolo ni mtoto amekimbia shule, Madam. Mimi nikifika kwa boma ya mtu niambie bibi yake ati natafuta mtolo, si wataniachilia mbwa?" Watu walicheka. Mzee mmoja wa Kachibora akapendekeza "aliyepotea". "Hajapotea," Mama Beatrice alimjibu. "Yeye ako kwao. Ni sisi hatujui kwao." Waliendelea hivyo, wakipeana na kunyang'anyana maneno, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kibukusu, na mimi nimesimama mlangoni na birika. Nikasikia mtu akisema, "Hatujaonana naye." Ilinichukua muda kutambua kwamba aliyesema ni mimi. Mama Beatrice alilirudia polepole, kama anayeonja mchuzi. "Hatujaonana naye. Eeh. Hiyo naweza kusema mlangoni kwa mtu."

Kesho yake Salim alilichapa kwenye upande mtupu, akahifadhi, akafungua programu upya. Lilikuwepo. Kwa Nanjala, bila shaka, neno hilo lilikuwa limechelewa. Nilifungua rekodi yake, nikalipita lile neno letu jipya, nikachagua "Amefariki", nikaweka tarehe. Salim alikuwa amesimama nyuma yangu. Kisha nikachukua kadi iliyofuata.

Programu ilipoanza kazi, ilimpa kila mhudumu kwenye simu yake majina ya watu wa eneo lake ambao tarehe yao ya dawa imepita. Wa kwanza wa Tongaren alikuwa kijana aliyeitwa Simiyu, mpukusaji wa mahindi, anayezunguka na mashine kutoka shamba hadi shamba. Salim alitaka kuona simu ikitumika mashambani, kwa hiyo tulienda pamoja, yeye na mimi na Mama Beatrice, wakati wa mavuno, vumbi la mahindi limetanda juu ya nyua zote. Mke wa Simiyu alitukaribisha akasema mumewe hayupo. Akatuletea ugali na mboga ya mrenda hata hivyo, na tulipokuwa tunakula, tukamsikia mtu akikohoa nyuma ya nyumba. Mke alitazama chini. Mama Beatrice aliendelea kumega tonge lake kana kwamba hakusikia kitu, akauliza habari za mvua, za ng'ombe, za mtoto aliyekuwa akitambaa karibu na miguu yetu. Nyuma ya ukuta wa udongo yule mtu alijizuia kukohoa, akashindwa, akakohoa tena. Mimi nilikijua kikohozi hicho. Nilikuwa nimelala nacho chumba kimoja.

Mwishowe alijitokeza mwenyewe. Alikuwa mwembamba, miguu mitupu, makapi ya mahindi kwenye nyusi. Hakukaa. "Chifu ako wapi?" aliuliza.

"Chifu wa nini?" Mama Beatrice alisema. "Mulembe kwanza. Tusalimiane."

"Si mmekuja kunishika? Huko hospitali waliniambia nikiacha dawa naandikwa jina mbaya, halafu natafutwa. Mimi hiyo dawa inanitoa nguvu. Mashine inataka nguvu." Alisema haya akiwa ametutazama sote kwa zamu, na macho yake yakakaa kwenye simu iliyokuwa magotini pa Mama Beatrice. "Mmeniandika aje humo?"

Mama Beatrice alinawa mkono, akaupangusa, akamwinulia simu. Simiyu aliinama, akasoma akisogeza midomo. Salim alikuwa ameacha kula. Kuku waliingia ndani, wakatoka.

"Ati 'Hatujaonana naye'," Simiyu alisema. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Alisoma tena. Alimtazama mke wake, akamtazama yule mtoto. "Basi ngojeni nivae viatu," alisema, akaingia ndani.

Alimaliza dawa mwaka uliofuata. Mama Beatrice alinipigia simu kuniambia, na nyuma yake nilisikia mashine ya kupukusa ikinguruma. Wengine hawakumaliza. Wengine tulipofika kwao tulionyeshwa kaburi. Sitaki mtu adhani kwamba neno moja liliokoa wilaya nzima. Shirika lenyewe lilifungwa baadaye, kama mashirika yanavyofungwa, lakini rekodi hazikufungwa: tulizihamisha zote hadi zahanati za pande zote mbili, zikafunguka bila kumwomba mtu ruhusa. Salim akapata kazi Eldoret, ingawa nyumba yake ilibaki Kitale, mimi nikarudi Bungoma. Tulisalimiana kwa simu sikukuu za Idd na za Krismasi. Miaka ikapita hivyo, bila ugomvi na bila sababu.

Jioni ile ya maziko, wageni walipopungua, nilienda chumbani kwa Mwanaidi. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunika kanga nyeupe, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Nilijua ningepaswa kusema kitu cha kufariji na sikuwa nacho. Nilikaa. Ndugu mmoja alituletea chai nyingine, akatoka.

"Huko kazini alikuwa anaongea?" Mwanaidi aliuliza ghafla. "Maana hapa nyumbani alikuwa mtu wa kimya. Nilikuwa namuuliza habari za kazi, ananiambia, 'Njema.'"

Nikamwambia juu ya Mtanzania mmoja. Tulipomaliza kutafsiri, Salim aliyatuma maneno yetu kwa wale wanaoitengeneza programu ili kila anayetaka ayatumie, na baada ya siku chache akajibiwa na mtu wa Tanzania ambaye kazi yake ilikuwa kuyakagua. Yule mtu alikuwa ametusahihishia ngeli ukurasa baada ya ukurasa. Salim aliusoma ujumbe ule amesimama katikati ya jikoni, sweta limepanda juu, akigonga saruji kwa kidole: "Mimi? Mimi wa nyuma ya msikiti ndiye wa kufundishwa Kiswahili? Hawa watu wa mahindi sawa, lakini mimi!" Alisusa siku mbili. Siku ya tatu alikuja na kamusi ndani ya mfuko wa nailoni, akayapitia masahihisho yote moja moja akitafuta kosa la yule mtu, hakulipata hata moja, akamwandikia barua ndefu ya kuomba radhi kwa Kiswahili cha mwambao chenye madoido mengi hivi kwamba Madam aliuliza kama anaposa.

Mwanaidi aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika, na kwanza nilidhani nimemliza. Alikuwa anacheka. "Ndiye huyo," alisema. "Wallahi ndiye huyo. Ndiye wangu." Mwanamke mmoja alichungulia mlangoni kwa mshangao, Mwanaidi akampungia mkono aende zake. Wakati huo nikaona chai inamwagikia mapajani mwangu, nami sikuweza kukishika kikombe kikae sawa. Niliweka kikombe sakafuni. Mwanaidi aliishika mikono yote miwili, akaikalisha juu ya kanga yake, akaifunika kwa yake.

"Usinyamaze," aliniambia. "Endelea. Alisema nini tena?"